Mtoto akifikisha miaka saba ni lazima aende kwa baba? Naombeni msaada, nipo Dodoma

Mama Wawili Dom

Habari za leo wapendwa. Naombeni mwenye uelewa wa haya mambo ya mahakama anisaidie, maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake na nazidi kuchanganyikiwa.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kanisani, tuna watoto wawili, wa kike ana miaka tisa yuko darasa la tatu na wa kiume ana miaka minne. Toka mwaka jana kila mtu anaishi kwake, talaka hatujapeana. Mimi nimepanga Nkuhungu na watoto, nauza nguo sokoni, yeye ameajiriwa anaishi upande wa Ihumwa karibu na kazini kwake. Hela ya matumizi mwezi huu anatuma mwezi ujao hatumi. Sasa likizo ya mwezi wa sita akamchukua mkubwa akasema anampeleka kwa bibi yake Mpwapwa akasalimie, mimi nikamfungia na nguo zake vizuri, shule zimefunguliwa mtoto harudi. Nikipiga simu mawifi zangu wananiambia mtoto ameshavuka miaka saba huyo ni wa ukoo, ng'ombe walitoka kwa hiyo mtoto ana kwao, na huyu mdogo nikae naye tu akifika saba watakuja kumfuata. Mtoto nimeongea naye kwa simu ya jirani, analia, anauliza atarudi lini shuleni kwake.

Kwa hiyo naomba kujua, ni kweli sheria inasema hivyo ya miaka saba? Na mahakama inaangalia nini hasa ikitaka kuamua mtoto akae na nani, ni mwenye kipato? Maana yeye ana mshahara na mimi ni chumba na sebule. Na naanzia wapi, kuna mtu kanambia lazima nidai talaka kwanza na mimi hiyo talaka bado sijaiamua moyoni.

Msaidizi wa Sheria Chamwino

Pole sana dada yangu. Mimi ni msaidizi wa kisheria, wakili siyo, ila migogoro kama wako ndo inayonijia kuliko mingine yote kwa hiyo nitaandika kirefu univumilie.

Tuanze na hiyo miaka saba. Ipo kwenye sheria kweli ila watu wanaigeuza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 125 inasema mtoto wa chini ya miaka saba ichukuliwe kwamba ni vizuri akae na mama yake, na hata hapo baba akileta ushahidi kwamba kwa mama hapamfai mtoto, hakimu anaweza kuamua vingine. Imeishia hapo. Hakuna mstari unaosema akifika saba anahamia kwa baba! Akivuka saba kinachoondoka ni ile nafasi ya mbele ya mama peke yake, sasa baba na mama mnasimama sawa mbele ya hakimu na anayepimwa ni mtoto, wapi maisha yake yatakwenda vizuri. Na kifungu hicho hicho, pale pale kinapotaja miaka saba, kinamwambia hakimu afikirie ubaya wa kumhamisha hamisha mtoto. Mawifi zako hii sehemu hawaisemi.

Sasa mahakama inaangalia nini. Kitu cha kwanza na kinachobeba vyote ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo ndo inasikiliza wazazi wanataka nini, mtoto mwenyewe anataka nini kama umri wake unamruhusu kutoa mawazo yake bila kulishwa maneno, na mila za jamii yenu. Halafu ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hiyo kifungu cha 39 imeongeza mambo ambayo kwa kesi yako yana uzito sana, umri na jinsia ya mtoto, kwamba ni bora mtoto akae na wazazi wake labda kama wanamtesa, kwamba inapendeza ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na kwamba malezi yasikatwe katwe. Binti yako kaondolewa shuleni, kaondolewa kwa mdogo wake, kaondolewa kwa mama aliyekuwa anamlea kila siku. Hayo yote matatu yaseme.

Kuhusu kipato usiogope kabisa. Kukaa na mtoto ni jambo moja na matunzo ni jambo lingine. Ingekuwa ni mshahara basi akina mama wote wa Dodoma wangekuwa wameshanyang'anywa watoto. Mwenye kipato kikubwa anaamriwa atoe matunzo, hakimu anapiga hesabu ya kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu mengine waliyonayo na gharama za maisha za eneo mnaloishi, na kwa mtu mwenye ajira mahakama inaweza kuagiza ikatwe kwenye mshahara. Kuna sheria ya zamani ilikuwa inaweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa, shilingi mia!, ile ilifutwa na hii ya 2009, saivi kiasi kinaangaliwa kwa hali halisi.

Pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ya jiji, kesho asubuhi. Watamwita baba. Asipokuja au akija akagoma, unapeleka maombi Mahakama ya Watoto, sehemu nyingi ni mahakama ya wilaya inakaa kama mahakama ya watoto chini ya hakimu mkazi, na hausikilizwi hadharani. Hapo talaka HAIHITAJIKI. Unaomba malezi na matunzo, na kwa kuwa mtoto yuko nje ya shule unaomba na amri ya muda arudi darasani wakati shauri linaendelea. Talaka ina njia yake, mpaka mpite baraza la usuluhishi la ndoa lishindwe kuwapatanisha liwape hati, ndo uende mahakamani. Usichanganye hivi viwili, utachelewa bure.

Mnyamwimbi wa Mvumi

Mimi naheshimu sana ulichoandika dada wa Chamwino ila niseme la moyoni. Sisi kwetu mtoto ana ukoo, ana mji wake, ana wazee wanaomjua. Mahari imetoka ng'ombe na mbuzi, ukoo mzima umechanga, leo mahakama inasema mtoto abaki chumba cha kupanga mjini, akikua ataambiwa kwao ni wapi? Mimi nimelelewa na bibi yangu baada ya wazazi kutengana na nikasoma, sikupungukiwa kitu. Kwani sheria haitambui mila zetu?

Msaidizi wa Sheria Chamwino

Kaka swali lako ni la haki kabisa na wazee wengi wananiuliza hilo kwenye vikao. Sheria inazitambua mila, imezitaja kwa jina kwenye hicho hicho kifungu cha 125, ila imeziweka chini ya ustawi wa mtoto. Yaani hakimu anasikiliza habari ya mahari na ukoo, akishaisikia anajiuliza je hii inamsaidia huyu mtoto aliyeko mbele yangu? Serikali iliwahi hadi kuziandika mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba mwaka 1963 zikawa kwenye tangazo rasmi, na ndizo wengi wanazozishikilia mpaka leo kwamba mahari ikitoka watoto ni wa baba. Lakini Sheria ya Ndoa imekuja baadaye na ndiyo inayosimama kwenye ndoa.

Halafu fikiria, Dodoma ya leo imejaa makabila yote. Mgogo akioa Mluguru wa hapo Morogoro ambako ukoo unafuata mama, utatumia mila ya nani? Pande zote mbili zitakuja na wazee na kila upande utakuwa na haki yake kimila, na mtoto katikati. Ndo maana kipimo kikawa mtoto.

Na kuhusu ukoo, amri ya malezi haimfuti mtoto kwenye ukoo. Jina la baba linabaki, haki yake kwa baba inabaki, likizo anakwenda kwa bibi, msiba na harusi anakuwepo. Mahakama inaamua analala wapi na nani anamwandaa kwenda shule asubuhi.

Baba Jose

Nizungumze kama baba niliyepita humo, maana nyuzi za hivi akina baba tunachukuliwa kama maadui.

Mimi na mama watoto tulifikishana mahakamani hapa hapa Dodoma, mimi ndo niliyepeleka maombi, nilitaka watoto wakae kwangu. Hakimu hakuniuliza nina gari au nyumba. Aliniuliza mwalimu wa darasa wa mtoto anaitwa nani. Kliniki mara ya mwisho nani alimpeleka. Mtoto akiumwa usiku unafanya nini kama uko zamu. Mama yake naye akaulizwa hayo hayo. Mkubwa wetu alikuwa na miaka kumi na moja, akaitwa ofisini kwa hakimu peke yake bila mimi wala mama yake, na alichosema humo ndani hatukuambiwa neno kwa neno na mimi naona ni sawa, maana ukimsimamisha mtoto achague mbele ya wazazi unamuumiza.

Uamuzi ulikuwa watoto wakae na mama. Mimi nikapewa Jumamosi na Jumapili wiki moja kwa kuruka moja, nusu ya likizo ya mwezi wa sita na nusu ya Desemba, simu jioni muda wowote kabla hawajalala, ada na sare juu yangu, chakula tunachangia. Na amri haijafungwa na misumari, nilipohamishiwa kazi Singida nikarudi kuomba ibadilishwe kwa sababu wikiendi zisingewezekana tena, nikabadilishiwa nikapewa likizo ndefu zaidi. Sheria inaruhusu, hali ikibadilika kweli kweli unarudi.

Dada, ninachokuomba ni kimoja. Ukishapata amri usimfungie mlango huyo baba hata kama hela inachelewa. Hela ina njia ya kuidai, na kumwona baba ni haki ya MTOTO, ipo kwenye Sheria ya Mtoto kifungu cha 26, kwamba wazazi wakiachana ana haki ya kutembelea na kukaa na mzazi mwingine ilimradi masomo hayaingiliwi. Kuna jamaa nafanya naye kazi watoto wake anawaona kwenye picha tu, na anatoa kila mwezi. Inauma sana.

Mzee Ustawi

Mwanangu Mama Wawili, nimestaafu kazi ya ustawi wa jamii, nimezunguka Kongwa, Mpwapwa na Bahi miaka mingi, nikuongezee jambo ambalo naona hawajalisema.

Mume wako mtoto hajamchukua akae naye. Amempeleka kwa bibi. Hii inabadilisha shauri lote. Mahakamani hapatakuwa na mizani ya mama na baba, patakuwa na mizani ya mama na bibi, kwa sababu baba yuko Ihumwa kazini na mtoto yuko Mpwapwa. Sheria inasema ni bora mtoto akae na wazazi wake, na ndugu mwingine anapewa pale panapokuwa na sababu kubwa isiyo ya kawaida. Nimeona haya mara nyingi mno, baba anapigania mtoto kwa nguvu zote, anampata, wiki inayofuata mtoto yuko kijijini anachunga au anachota maji na baba yuko mjini na familia mpya. Afisa wa ustawi akienda kuchunguza akikuta hivyo anaandika hivyo hivyo.

Simsemi vibaya bibi. Bibi wengi wamelea vizuri na huyo kijana wa Mvumi ni shahidi. Lakini bibi analea pale ambapo mzazi hayupo au hawezi, na wewe upo na unaweza.

Mahakama ikituma afisa nyumbani kwako usihangaike kuazima makochi. Anaangalia mtoto analala wapi na nani, anakula, kuna nani mwingine anaingia na kutoka hapo, shule iko umbali gani, jirani anasemaje, daftari zinasainiwa na nani, ukiwa sokoni anabaki na nani. Hili la mwisho lijibu vizuri, wengi wanakwama hapo. Kama kuna mama mkubwa au jirani unayemwachia mwambie awepo siku hiyo. Chumba na sebule sio dhambi, nimeandika taarifa nzuri za chumba kimoja na taarifa mbaya za nyumba za geti. Taarifa yetu hakimu halazimiki kuifuata, ila anaisoma kwa makini kwa sababu ndo macho yake huko nyumbani.

Na usimlishe mtoto maneno ukimpata kwenye simu. Usimwambie ukiulizwa sema hivi. Mtoto wa miaka tisa akifundishwa anajulikana dakika ya pili, na ukweli wake wote unaanza kutiliwa shaka. Ongea naye habari za mdogo wake na za shule basi.

Neema K

Samahani naingilia, sisi hatukufunga ndoa yoyote, tumeishi pamoja miaka mitatu hapa Kizota tuna mtoto mmoja wa mwaka na nusu, kaondoka anasema mtoto sio wake na mimi sio mke. Naweza kudai kitu kweli?

Msaidizi wa Sheria Chamwino

Neema unaweza, na usikae. Mliishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinakupa pa kusimamia, wewe na mtoto. Hata bila hilo, matunzo ya mtoto hayadai cheti cha ndoa. Ila kuna muda, maombi dhidi ya anayetajwa kuwa baba yanapelekwa kabla mtoto hajazaliwa au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe, baada ya hapo mpaka uonyeshe kwamba alishawahi kutoa hela ya matunzo ndani ya miezi hiyo. Wa kwako ana mwaka na nusu, yaani muda unaisha. Miamala yake ya simu usiifute. Akikana mtoto mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hicho kipimo hakifanyiki kwa kwenda mwenyewe dirishani, maombi yanapitia mahakama, ustawi au wakili.

Abuu Kondoa

Na kwa Waislamu wenzangu mnaosoma, karatasi ya talaka aliyoandika mume nyumbani haimalizi mambo ya watoto. Mpite BAKWATA wajaribu kusuluhisha watoe hati, halafu mahakama. Nimeona dada zetu huku wanarudishwa kwao na karatasi na watoto wanabaki, wanaamini imeshapita. Haijapita, mtoto mpaka anafika miaka 18 suala lake linaweza kupelekwa mahakamani.

Mama Wawili Dom

Mungu awabariki wote, nimesoma nikalia, kwa mara ya kwanza naona pa kushika. Mzee wangu ulivyosema la bibi ndivyo ilivyo kabisa, nimeuliza watu wa kule mtoto hata shule ya kule hajaandikishwa.

Sasa kaka zangu wawili wanasema Jumamosi wanakodi gari twende Mpwapwa tukamchukue, kwamba mtoto ni wangu na hakuna amri yoyote ya mahakama inayonizuia. Niende?

Mzee Ustawi

Hapana mwanangu. Ni kweli amri haipo, lakini ukifika na wanaume wawili na gari patakuwa na vurugu, mtoto ataziona, na kesho yake wao ndo watakuwa wa kwanza kufika mahakamani kusema mama kavamia na watu kumteka mtoto kwa bibi yake. Saivi aliyevuruga maisha ya mtoto ni baba. Ukienda na gari mnakuwa wawili. Nenda ustawi, waambie mtoto yuko Mpwapwa na hajaandikishwa shule, wao wana wenzao wa halmashauri ya kule wanaweza kwenda kumwona mtoto pale alipo na kuandika walichokikuta. Taarifa hiyo ni ya kuanzia shauri lako.

Baba Jose

Naunga mkono mzee. Na mtumie mume meseji ya kistaarabu, fupi, kwamba shule zimefunguliwa tarehe fulani naomba mtoto arudi. Bila matusi. Asipojibu ibaki kwenye simu, hakimu wangu alizisoma meseji zote za pande zote mbili.

Msaidizi wa Sheria Chamwino

Beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili, kadi ya kliniki ya mdogo, taarifa ya maendeleo ya mkubwa ya muhula uliopita, na miamala ya hela aliyokuwa anatuma, miezi aliyotuma na miezi ambayo hakutuma. Zaidi ya vyote pita shuleni umwombe mwalimu mkuu barua inayoonyesha mtoto ni mwanafunzi wake na hajaripoti tangu shule zifunguliwe. Ukihitaji mtu wa kukuandikia maombi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaturuhusu wasaidizi wa kisheria kukusaidia na hulipi, uliza hapo hapo ustawi au ofisi ya msajili msaidizi wa msaada wa kisheria watakuelekeza aliye karibu na Nkuhungu.

Mama Wawili Dom

Barua ya shule nimepata leo mchana, mwalimu mkuu ameandika na idadi ya siku ambazo hayupo na kapiga muhuri. Meseji nimetuma, ameisoma hajajibu. Cheti cha kuzaliwa cha mkubwa ndo kiko kwa baba yake, nifanyeje?

Msaidizi wa Sheria Chamwino

Hicho kisikucheleweshe. Nenda na namba ya cheti kama iko kwenye fomu za shule, mwalimu atakuwa nayo kwenye faili la mtoto, na nakala unaweza kuomba RITA. Ustawi watakupokea hata bila hicho. Toa kopi mbili mbili za kila karatasi, hizo za asili usimwachie mtu yeyote.

Mama Wawili Dom

Sawa dada. Saa mbili asubuhi niko mlangoni kwao.